Stahiki ya Sekunde Arobaini na Saba

Kwa niaba ya Kamati ya Uratibu wa Stahiki za Wapiganaji wa Mapigano Mseto, Kanda ya Uluguru, nina heshima ya kuutangazia umma kwamba suala la malipo ya mpiganaji Pili Mwinjuma limehitimishwa, na kwamba limehitimishwa kwa kufuata kanuni. Natangaza hivi kwa sababu kuna maneno mitaani. Madereva wa bajaji pale Msamvu wanadai kuwa Mwenyekiti wetu amepigwa bila kuguswa. Kauli hiyo si ya kiofisi. Mimi ndiye Katibu wa Kamati. Kanuni zote sitini na mbili nimeziandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino, na nitaeleza jambo hili kwa mpangilio wake.

Wapo wasioujua mchezo wenyewe. Mapigano mseto ni mchezo ambao ngumi, mateke, mieleka na kabali vyote vinaruhusiwa ndani ya ulingo mmoja uliozungushiwa wavu. Anayeucheza kwa kulipwa hana mshahara, hana likizo, hana pensheni. Hulipwa kwa pambano, na malipo yake yana mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kupanda ulingoni: hilo ni lake hata akipigwa hadi akasahau jina la mama yake. Fungu la pili ni la kushinda, na asiposhinda halioni. Juu ya hayo kuna bonasi ya uwasilishaji bora wa usiku, ambayo hupewa yule aliyewakonga nyoyo watazamaji kuliko wengine. Ndivyo wapiganaji wanavyolipwa katika nchi nyingi. Upungufu wa nchi hizo ni kwamba mpiganaji na fedha yake huachwa peke yao, bila Kamati katikati.

Pili Mwinjuma ni binti wa miaka ishirini na sita kutoka Mkuyuni, mwenye uzito wa kilo sitini na moja, ambaye mabega yake yalijengwa na mikungu ya ndizi aliyokuwa akiiteremsha mlimani tangu akiwa darasa la nne. Meneja wake ni mjomba wake, Mzee Ahmadi. Fomu yetu ilitaka saini ya baba au mume. Mzee Ahmadi aliyakata maneno yote mawili, akaandika "mjomba", kisha akanieleza kwa upole kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, msemaji wake ni kaka wa mama, na kwamba baba yake Pili ni mtu mwema sana lakini katika jambo hili ni mgeni. Niliirekebisha kanuni siku ileile. Siipendi kanuni inayokutwa imelala.

Ni vyema umma ujue pia kwa nini binti huyu alipigana. Masika iliyopita iliporomosha shamba la mama yake lote, migomba pamoja na udongo ilimosimama, hadi mtoni. Familia ilipata nafasi ya kukodi ekari tatu za mpunga katika skimu ya umwagiliaji ya Dakawa, laki nne kwa ekari kwa msimu, jumla shilingi milioni moja na laki mbili. Fedha ilitakiwa ifike kabla ofisi ya skimu haijafungwa siku ya Ijumaa. Jumatatu yake maji yanafunguliwa mferejini, na jaruba lisilolipiwa hupewa jina linalofuata kwenye orodha. Mkataba wa Pili ulikuwa wa milioni moja na nusu kwa kupanda ulingoni na milioni moja na nusu kwa kushinda. Kwa hesabu yake, hata akipigwa, mama yake analima. Ilikuwa hesabu nzuri. Kasoro yake ni kwamba hakutuhesabu sisi.

Pambano kuu lilifanyika Jumamosi jioni katika ukumbi uliofurika. Mgeni rasmi aliyealikwa alipata udhuru, hivyo Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Abdulatif, alijiteua kushika nafasi hiyo kwa moyo wa kujitolea. Wajumbe wote saba tulipanda ulingoni kwa ajili ya utambulisho na picha. Mwenyekiti akatoa hotuba juu ya kuheshimu muda, iliyochukua dakika hamsini na mbili. Kisha tukashuka, kengele ikalia, na Pili akamtia kabali bingwa aliyetoka Dodoma hadi bingwa akagonga sakafu kwa kiganja kuomba aachiwe. Saa ya mwamuzi ilisoma sekunde arobaini na saba. Yule wa Dodoma alikuwa amelipwa fedha taslimu kabla hajakanyaga ukumbini, kwa kuwa meneja wake alitamka wazi kuwa hana imani nasi. Jambo hilo lilitusikitisha.

Jumatatu Kamati iliketi, kwa posho ya kawaida ya kikao, kuchakata stahiki ya Pili.

Swali la msingi lilitoka kwa Mhasibu wetu, Bi Faraja, mtu makini ambaye hajawahi kuacha salio likalala. Aliuliza ni nani hasa waliopanda ulingoni. Tukazipitia picha. Ukimwacha mwamuzi, na yule wa Dodoma ambaye alikwisha kulipwa, ilithibitika pasipo shaka kwamba walipanda watu wanane: Pili, na sisi saba. Fungu la kupanda ulingoni ni la aliyepanda ulingoni. Kanuni haisemi apande kufanya nini. Mwenyekiti alisisitiza kwamba si haki kumbagua mtu kwa sababu tu hakupigana. Milioni moja na nusu ikagawanywa kwa wanane, na kila mmoja akapata shilingi laki moja na themanini na saba elfu na mia tano.

Malipo, hata hivyo, hayatoki bila fomu. Ilibidi kila mmoja wetu ajaze Fomu Namba Tatu ya Usajili wa Mpiganaji. Ilikuwa inakaribia saa saba mchana na chakula kilikuwa kimekwisha kufika, hivyo Bi Faraja akaiweka fomu ya Pili katikati ya meza iwe mfano, nasi tukainakili kama ilivyo, tukibadilisha majina. Hivyo ndivyo fomu zinavyojazwa katika ofisi nyingi, na sikuwahi kusikia madhara yake.

Fungu la kushinda lilihitaji utaalamu zaidi. Pambano lilipangwa kuwa la raundi tatu za dakika tano, yaani sekunde mia tisa. Pili alikuwa ametoa arobaini na saba. Mwenyekiti akafafanua kwamba mkandarasi aliyejenga mita arobaini na saba halipwi mita mia tisa, hata kama barabara imefika. Nilikokotoa, nikapata shilingi sabini na nane elfu, mia tatu thelathini na tatu. Bonasi ya uwasilishaji bora wa usiku ilikwenda kwa hotuba, kwa kura saba, Mwenyekiti akiwa amejizuia kupiga kura mwanzoni kisha akazidiwa.

Yakafuata makato. Leseni elfu hamsini. Vipimo vya afya elfu sitini. Kukodi glavu elfu thelathini. Usafi wa ulingo elfu arobaini, ingawa Bi Faraja alikiri kwamba tope lilikuwa la viatu vyetu. Mwisho, elfu themanini na tano za mchango wa chakula cha wageni mashuhuri, yaani kuku wa kienyeji na wali wa mchele wa Dakawa. Zilibaki shilingi mia nane thelathini na tatu. Kwa kuwa sarafu za thelathini na tatu hazipo, tulizifanya mia nane. Naomba ieleweke kwamba tungeweza kuandika sifuri. Hatukuandika.

Jumanne saa nne asubuhi Pili alifika ofisini pamoja na mjomba wake. Aliwaamkia wajumbe mmoja mmoja, shikamoo kwa marahaba, na shughuli hiyo ilichukua muda mrefu kuliko pambano lake. Nilimkabidhi bahasha na jedwali la makato. Akaifungua bahasha, akaziweka sarafu tatu mezani: ya mia tano, ya mia mbili na ya mia moja. Mzee Ahmadi alilisoma jedwali kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye kuku aliuliza kama alikuwa mmoja. Bi Faraja akajibu kwamba walikuwa sita.

Mwenyekiti alitoa nasaha fupi. Alisema michezo ni afya, kijana asitangulize fedha, na kwamba jina la Pili sasa linajulikana hadi Kihonda, upande wa pili wa mji, jambo ambalo fedha hainunui. Pili alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kama wale wajumbe saba walikwisha kupokea mafungu yao ya kupanda ulingoni.

"Tangu jana," alisema Bi Faraja. "Na wote tumesaini, mwanangu. Fomu hizi hapa. Sisi hatuli hela kienyeji."

Pili akanigeukia mimi. "Katibu, Kifungu cha Kumi na Tisa kinasemaje?"

Hapa inanilazimu kueleza. Kwa mujibu wa kanuni zangu, mpiganaji hapewi leseni mpaka azinakili kanuni zote sitini na mbili kwa mkono, mara mbili, bila kufuta. Utaratibu huo niliupata katika shule ya bweni, ambako ulitunyoosha tuliokubali kunyooka. Wapiganaji wengine humpa mtu elfu tano awaandikie. Pili aliandika mwenyewe, kwa hati ya mlazo, na hakukuwa na doa hata moja. Katika mkoa mzima, waliozisoma kanuni zile hadi mwisho walikuwa wawili, na wote tulikuwa ndani ya chumba kile.

Nikasimama, kwa kuwa kanuni husomwa kwa kusimama. Kifungu cha Kumi na Tisa kinasema kwamba mtu aliyetia saini Fomu Namba Tatu na kupokea fungu la kupanda ulingoni ni mpiganaji aliyesajiliwa, na atawajibika kupigana mapambano matatu ndani ya mwaka mmoja. Kifungu cha Ishirini kinampa mshindi wa pambano kuu haki ya kumteua mpinzani wake ajaye, miongoni mwa waliosajiliwa wa jinsia yake na uzito wake, kwa notisi ya saa arobaini na nane. Kifungu cha Ishirini na Moja kinasema atakayekataa atamlipa mwenzake, kutoka mfukoni mwake, mafungu yote mawili.

"Wa jinsia yake na uzito wake," alirudia Mwenyekiti, akaegemea kiti kwa raha. Ni mtu mwenye mwili, na ana ndevu.

Bi Faraja alikuwa amekwisha kuifungua fomu ya Mwenyekiti. Aliitazama, akaifunga, akaifungua tena. Mahali pa uzito paliandikwa kilo sitini na moja. Mahali pa jinsia paliandikwa Ke. Akazipitia zote saba. Kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi, Kamati yetu ilikuwa ya wanawake saba wenye umri wa miaka ishirini na sita, wote wazaliwa wa Mkuyuni.

"Kwa heshima yako, Mheshimiwa," alisema Pili, "nakuteua wewe. Alhamisi, saa tisa alasiri."

Mwenyekiti alicheka peke yake kwa muda. Kisha akasema kwamba huo ni upuuzi, kwamba fomu zilikuwa za kutimiza taratibu tu, na kwamba mtu yeyote mwenye macho anaona kuwa yeye si mpiganaji.

Mzee Ahmadi alivua kofia yake, akaipakata. "Hilo hatubishani, Mheshimiwa. Hata mimi na macho yangu haya naona wewe si mpiganaji. Ila hela ya mpiganaji umeipokea. Sasa tuandike uliipokea kama nani?"

Wakaguzi wa hesabu walikuwa wanatarajiwa mwezi unaofuata. Mwenyekiti alinitazama mimi, kama watu wanavyomtazama katibu wanapotaka jambo lisiwe limetokea. Nilimfahamisha kwamba kiutaratibu majibu yalikuwa mawili tu, na kwamba lile la pili linashughulikiwa na idara nyingine, yenye magari yake na pingu zake.

Mwenyekiti aliivuta fomu yake, akalipitia jina lake kwa kidole.

"Mimi ni mpiganaji," alisema.

Niliiingiza kauli hiyo katika muhtasari wa kikao.

Mdhamini wetu, mfanyabiashara wa magodoro, hakuwa na cha kupoteza. Kufikia Jumatano asubuhi alikuwa amebandika matangazo kuanzia stendi hadi sokoni: Pili Mwinjuma dhidi ya Abdulatif, uzani wa kilo sitini na moja, wanawake. Tiketi ziliisha kabla ya adhuhuri. Mwenyekiti alipopita Msamvu na gari lake, vijana wa bajaji walisimama kwa heshima, na mmoja akamuuliza, "Mzee baba, zile kilo nyingine umeziacha kwa nani?" Jioni alinitembelea nyumbani. Alinikumbusha kwamba tumetoka mbali, kwamba watoto wetu walisoma pamoja, na kwamba kanuni iliyoandikwa kwa kalamu inaweza kufutwa kwa kalamu. Nilimkaribisha chai. Nilimwambia kwamba katika maisha yangu nimeandika kanuni nyingi, na kwamba hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kuitumia mojawapo. Nisingeweza kuiharibu katika wiki yake ya kwanza.

Alhamisi alipimwa uzito hadharani. Mizani ilisoma kilo mia moja na nne. Akavua viatu. Mizani ikasoma mia moja na tatu. Suala la uzito tukaliahirisha.

Saa tisa alasiri Pili alikuwa ulingoni, amefunga glavu, anaruka-ruka polepole ili misuli ipate joto. Mjomba wake alikuwa ameketi chini ya kona yake na chupa ya maji. Mwenyekiti aliingia amevaa suti, akasimama kwenye ngazi za ulingo, akaomba kipaza sauti. Alikuwa amekesha akifikiri, na ninakiri kwamba alifikiri vizuri. Alisema Kamati imekwisha kuweka msingi: malipo huenda kwa sekunde zilizotumika. Pambano lililokataliwa lina sekunde sifuri. Sifuri ukiigawa kwa mia tisa ni sifuri. Hivyo basi yeye anakataa kupigana, na anachodaiwa kwa kukataa ni sifuri, ambayo yuko tayari kuilipa papo hapo.

Hoja ilikuwa na nguvu. Mimi mwenyewe nilijisikia fahari kwamba Kamati bado ilikuwa na uwezo wa kutoa hoja kama ile. Kwa wajibu wangu, nilimgeukia Pili nikamuuliza anasemaje.

Aliusogelea wavu, akainama ili asizungumze na mkubwa akiwa juu yake.

"Ni sawa, Mzee. Basi panda tuzitafute hizo sekunde. Mimi nina haraka, Dakawa wanafunga kesho. Arobaini na saba zinanitosha."

Watu wakaanza kuhesabu. Sijui nani alianza. Ninachojua ni kwamba hapakuwa na kibali. Moja, mbili, tatu, ukumbi mzima, kwa sauti moja, kama wanafunzi wanaosoma jedwali la hesabu. Mwenyekiti aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Kwenye kumi na moja aliuondoa. Kwenye kumi na tisa alitoa simu. Kwenye thelathini na nne simu ya Mzee Ahmadi ililia, naye akaisogeza mbali na macho, akausoma ujumbe taratibu. Milioni tatu kamili.

"Tumeiona, Mheshimiwa, ahsante sana," alisema. "Ila hujaweka ya kutolea."

Mwenyekiti akaweka ya kutolea.

Siku ya Ijumaa, kabla ya saa nane mchana, ofisi ya skimu ilitoa stakabadhi ya ekari tatu kwa jina la mama yake Pili. Nimeiona. Jumatatu maji yalifunguliwa. Siku hiyohiyo niliitisha kikao cha Kamati, lakini akidi haikutimia: wajumbe wawili walikuwa na presha, mmoja alikuwa amepata safari ya ghafla, mwingine ameamua kuhiji, Bi Faraja alikuwa likizo, na Mwenyekiti alikuwa amejiuzulu kwa barua yenye aya moja. Niliketi peke yangu. Kwa kuwa akidi haikutimia, sikujilipa posho.

Jana asubuhi Pili alikuja tena ofisini. Miguu yake ilikuwa na tope la majaruba hadi kwenye vifundo. Alinisalimu shikamoo, nikaitika, akaniwekea karatasi mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa notisi ya saa arobaini na nane. Niliisoma hadi mwisho, ambako palikuwa na jina langu.

Nilimkumbusha, bila kuomba upendeleo wowote, kwamba mimi ndiye niliyesoma vifungu vile kwa kusimama, na kwamba sikuficha hata nukta. Nilidhani hilo lina uzito wake.

"Lina uzito, Katibu," alisema. "Hela ya mtu kukimbia nimeshaipata. Sasa nataka ya kazi. Na ofisi nzima hii, asiyekimbia ni wewe peke yako."

Niliikagua ile notisi kwa muda wa nusu saa, nikitafuta kasoro. Tarehe ilikuwa sahihi. Vifungu vilikuwa sahihi. Hati ilikuwa safi kuliko yangu. Nikaigonga mhuri wa kupokelewa, nikatia saini, nikampa nakala yake.

Pambano ni kesho saa tisa alasiri, na umma wote unakaribishwa. Hakutakuwa na hotuba. Kwa wale wanaoulizia malipo yangu, fungu langu la kupanda ulingoni nilikwisha kulipokea, na nilikwisha kulitumia.